Pakiti Yenye Picha ya Jogoo

Mwanangu Kabula,

Barua zetu huanza kwa kusema mimi huku ni mzima, sijui wewe huko. Mwanzo huo nimeuruka kwa sababu mbili. Kwanza, wewe hujaondoka bado. Umekwenda Maili Moja na mama yako kusuka nywele na kununua kufuli la begi, na mkirudi mtanikuta hapa hapa barazani nikijifanya nasoma gazeti. Pili, maneno hayo niliwahi kuyatumia kumdanganya mama yako kwa wiki tatu mfululizo, na tangu hapo yananikaa vibaya mdomoni.

Ya safari sikuandikii. Mama yako amekwisha kukuambia pasipoti ikae wapi, nguo gani uvae kwenye ndege na nani umpigie ukishatua. Ameyasema mara nyingi hata mimi nisiyekwenda popote nimeyashika kichwani. Mimi nina jambo moja tu, na nimelizunguka wiki nzima kama mtu anayetafuta mlango wa nyumba ya watu.

Jana nilikuwa natafuta betri za redio kabatini. Nyuma ya sahani za wageni nikakuta inhela yako, kile kidude cha bluu unachovuta ukibanwa na kifua. Ilikuwa imefungwa ndani ya soksi, na soksi imepigwa fundo. Begi lako lilikuwa limeshajaa na limeshapimwa. Nikajua hukuisahau, maana mtu anayesahau kitu hakipigi fundo kwanza.

Na nilikuwa nimekusikia, mwanangu. Ulikuwa jikoni, simu umeiweka spika kwa sababu mikono ina unga, na yule wakala wenu wa ajira anasema, "Pumu usiitaje kabisa, dada. Wakiona madawa chumbani wanakurudisha. Ukibanwa wewe jikaze tu, kule hewa safi." Ukamjibu, "Sawa kaka." Nilinyanyuka kwenye kiti nikamwambie maneno yake. Nikakaa tena. Ile "sawa kaka" niliifahamu, ilikuwa sauti yangu mimi.

Sasa nikusimulie jambo ambalo hata mama yako nimemwambia leo asubuhi tu.

Unajua kwamba niliwahi kufanya kazi ya kuku. Unajua pia kwamba baba yako mdogo Saidi akija hapa na mihogo yake huniita Jogoo, na mwanzoni ulidhani ananisifia. Uliniuliza mara moja kwa nini, nikakujibu kwamba ni utani wa Wazaramo na Wanyamwezi, basi. Nilikujibu nusu.

Mwaka ule wa corona wewe ulikuwa kidato cha pili, uko Urambo na mama yako. Mimi nilikuwa nimechoshwa na tumbaku, nimekuja huku Pwani kutafuta kibarua. Nikakipata kwenye shamba moja la kuku, huku huku Mbwawa upande wa ndani, ambalo siku hizi limekatwa viwanja na watu wamejenga. Saidi tulikutana hapo. Yeye ni mtu wa Vihingo, kule Kisarawe, na siku ya kwanza tu aliponisikia ninavyoongea akasema, "Afadhali, mtumwa wangu amefika." Nikamwambia mimi ndiye bwana wake, anisafishie viatu. Basi tukawa ndugu.

Kuku wale walilindwa, Kabula. Kabla ya kuingia bandani unaoga, unavaa nguo za shamba, unavaa buti, unakanyaga kwenye beseni la dawa. Mgeni haingii hata akiwa nani. Kazi yangu ya kwanza kila asubuhi ilikuwa kupita bandani polepole, nikitafuta kuku aliyejikunyata, anayekoroma puani, anayefumba macho wenzake wakila. Huyo unamtoa palepale, unampeleka banda la wagonjwa, humwonei haya wala humwachi mpaka jioni. Nilikuwa hodari. Msimamizi alisema nina jicho, anayeumwa namwona kabla hajajijua mwenyewe.

Ugonjwa uliposhika kasi, mwenye shamba akafunga geti na sisi tukiwa ndani. Alisema ni kwa usalama wetu, na huenda alimaanisha. Lakini chumbani tulikuwa kumi na vitanda vitano. Wa mchana akiamka, wa usiku anajitupa kwenye godoro lile lile, bado lina joto la mwenzake. Mimi godoro langu nililalia kwa zamu na Saidi. Dirisha lilikuwa moja, na tulilifunga kwa sababu ya mbu. Kuku walikuwa na feni.

Asubuhi tulipanga mstari, msimamizi anaita majina. Ukikohoa unatolewa, na nje ya geti kulikuwa na watu wamekaa chini wakingoja nafasi yako. Msimamizi hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na orodha, na orodha ilitaka ijae.

Mimi kifua kilinianza siku ya Jumatatu. Kwanza koo, halafu mwili mzima unauma, halafu ugali ukapoteza ladha kabisa nikawa nautafuna kwa kuukumbuka tu. Sikumwambia mtu. Nikawa nakohoa ndani ya shuka. Na kwa kuwa zahanati ilikuwa nje ya geti, nikaenda stoo nikachukua pakiti ya dawa ya mafua ya kuku.

Cheka, ruhusa. Mimi mwenyewe nacheka siku hizi. Lakini ningependa uone jinsi akili ya mtu mwenye hofu inavyofanya kazi, maana haionekani kama ujinga ukiwa ndani yake. Nilikuwa nimewaona kuku kwa macho yangu, wamelala chali, wanapewa ule unga wa njano kwenye maji, kesho yake wanapiga kelele. Pakiti ilisema kijiko kimoja kwenye ndoo ya lita ishirini. Mimi nikapiga hesabu zangu: mimi ni mzito kuliko kuku. Nikatia vijiko vitatu kwenye kikombe cha chai. Nikafanya hivyo siku tatu. Tumbo likachafuka, ngozi ikaanza kuwasha, na kifua hakikushtuka hata kidogo.

Siku ya nne Saidi akaikuta pakiti chini ya godoro letu. Ina picha ya jogoo mwekundu, kifua mbele.

"Hii nini?" akaniuliza.

"Ya kuku."

"Naona ni ya kuku. Chini ya godoro inamtibu nani?"

Akaketi ukingoni mwa kitanda, kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu hana mzaha. "Ndugu yangu, sema. Mwambie msimamizi. Humu ndani tuko kumi."

Na hapo ndipo nilipomwambia neno ambalo mpaka leo nikilikumbuka uso unanipata moto. Nilimwambia, "Wewe ukifukuzwa unarudi hapo Kisarawe kula mihogo ya mama yako. Mimi kwetu ni mbali na nina mtoto shuleni. Usinifundishe." Alinitazama, akarudisha pakiti mahali pake, akatoka. Mtoto shuleni ulikuwa wewe. Nilikutumia kama kisingizio, na wewe huku unasoma zako hujui lolote.

Kesho yake kwenye mstari, jina langu likaitwa, nikaitikia "nipo" kwa sauti niliyokuwa nimeikusanya tangu alfajiri. Saidi akatoka mbele mwenyewe, bila kuitwa.

"Msimamizi, mimi nina habari. Huyu Mnyamwezi amegeuka kuku. Anakunywa dawa ya mafua, vijiko vitatu. Kesho kutwa anataga, mtafutieni kiota."

Mstari mzima ukacheka. Msimamizi akacheka, maana alishazoea utani wetu. Nami nikacheka, kwa sababu mtani hakasirikiwi mbele za watu, na usipocheka umeshindwa. Nilipocheka kifua kikafunguka. Kikohozi kikanishika, kikakataa kuniacha, nikashika magoti, nikakaa chini kwenye vumbi. Nilipoinua kichwa hakuna aliyekuwa akicheka tena, na wale wa karibu walikuwa wamerudi nyuma hatua tatu.

Haikuchukua muda nikawa nje ya geti na begi langu. Nilimlaani Saidi kwa Kiswahili na Kinyamwezi. Nikasema utani una mpaka wake na yeye ameuvuka, amemuua mwanangu kwa njaa. Nilikuwa bado nasema peke yangu geti likafunguka tena, akatoka yeye, na begi lake, na pakiti ya jogoo mkononi.

"Na wewe wamekufukuza?"

"Nani anifukuze? Nimejifukuza. Godoro letu si moja?"

Akasimama mbali nami, upande wa pili wa njia, akapiga simu. Basi la abiria hatukupanda, alikataa katakata. Alimngoja binamu yake mwenye kirikuu, kigari kidogo cha mizigo kilichokuwa kinarudi Kisarawe kitupu, akaniweka nyuma kwenye upepo, yeye akajibanza kona nyingine, kitambaa usoni. Njia nzima mimi nilikuwa nimenuna, na yeye, nadhani, alikuwa anaogopa.

Kwanza tulipita zahanati. Daktari akaniuliza nimetumia dawa gani. Nikasema Panadol. Unaona, Kabula? Nimeshafukuzwa, nimeshaumbuka, hakuna kazi ya kulinda tena, na bado naficha. Uongo ulikuwa umeshakuwa mazoea. Saidi akanyoosha mkono kutoka mlangoni akaweka pakiti juu ya meza. Daktari akamtazama jogoo, akanitazama mimi.

"Mzee, mabawa yako yako wapi?"

Kisha akaacha mzaha. Akaniambia ningeendelea siku chache zaidi ningeziharibu figo, na kwamba kama angeamini Panadol yangu angenipa dawa ya kugombana na ile iliyomo tumboni. Akanipima kidole kwa kile kimashine cha kusoma hewa iliyomo kwenye damu, akamfundisha Saidi dalili za kuangalia: midomo ikibadilika rangi, akishindwa kumaliza sentensi, usingoje. Alimfundisha Saidi, mimi akanipita. Aliona nani mkweli kati yetu.

Kule Vihingo ndiko nilikomjua bibi yako Bi Zena, mama yake Saidi. Ulidhani ni bibi wa utani tu, yule tunayempelekea sukari na kanga kila mwaka na wewe unalalamika kwamba njia ina mashimo. Mama huyu alikuwa mtu mzima tayari, na ugonjwa ule ulipenda watu wazima. Angeweza kunikataa na hakuna ambaye angemlaumu. Akatoa makopa, mihogo yake mikavu, kwenye banda lake la kuhifadhia, akafagia, akaweka kitanda cha kamba, akaweka kigoda katikati ya uwanja. Chakula anaweka kwenye kigoda, anarudi jikoni, ndipo mimi natoka kuchukua. Vyombo vyangu vilichemshwa mbali. Hata Saidi alilazwa chumba chake peke yake mpaka alipoona hana kitu. Hakuna aliyemfundisha mama huyu. Alisema walikuwa wakifanya hivyo kwa ndui alipokuwa mtoto.

Na kila asubuhi anapiga kelele kutoka jikoni:

"Mnyamwezi weye! Bado unapumua? Watu washakuja na majembe hapa, wanangoja!"

Sharti langu lilikuwa kumjibu. Nikinyamaza anamtuma Saidi achungulie. Basi namjibu: waambie wakae wanywe chai, kaburi la Mnyamwezi halichimbwi na Mzaramo mvivu. Mwanzoni nilidhani ananichangamsha tu. Baada ya siku nyingi akaniambia, "Leo umenijibu kwa pumzi moja. Wiki ile ya kwanza neno hilo hilo lilikula pumzi nne." Mama alikuwa akinihesabia pumzi kwa matusi. Nilikaa kwenye kile kitanda cha kamba nikalia, na nilikuwa mzima, nilikuwa nimeshapona. Nililia kwa shukrani, na kwa kukumbuka nilivyosema kuhusu mihogo ya mama yake. Ndiyo hiyo hiyo niliyokuwa nakula.

Wiki zote tatu nilikuwa nampigia mama yako. Mimi mzima, kazi inaendelea. Siku moja ukachukua simu wewe. "Shikamoo baba. Mbona sauti imekwaruza?" Nikakwambia ni vumbi la maranda tunayowatandikia kuku. Ukasema pole na vumbi. Nilikuja kujua baadaye kwamba Jumapili ile ulisimama kanisani ukaomba watu wamwombee baba yako aliye kwenye vumbi. Kanisa zima Urambo liliomba kuhusu maranda. Nashukuru kwa maombi yale, nadhani yalifika yalipotakiwa kufika, lakini ninaona haya.

Leo asubuhi nilipomaliza kumwambia mama yako, alikuwa anachambua mchele. Hakuinua uso. Akasema, "Nilijua. Maranda hayakwaruzi sauti wiki tatu." Akaendelea kuchambua. Kumbe miaka yote hii alikuwa amenisubiri.

Liko moja la mwisho, na ndilo zito. Kitanda cha juu yetu alilala Yohana, mtu wa Kasulu, mpole, mwimbaji. Baada ya mimi kutoka aliugua yeye na wengine wawili. Wale wawili walipona vizuri. Yohana alipona kwa shida, akarudi kwao, na mpaka leo hawezi kulima tuta moja mpaka mwisho bila kukaa. Mimi nilijua ni nani aliyekohoa ndani ya shuka chini yake siku nne. Nililibeba hilo miaka yote hii. Mwaka jana Saidi akanipatia namba yake. Nilizunguka nyumba hii mara tatu kabla ya kupiga. Nikamweleza yote, pakiti, shuka, siku nne, nikamwomba msamaha.

Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Kumbe na wewe? Ndugu yangu, mimi nilianza kukohoa Ijumaa kabla yako. Nilikuwa natafuna tangawizi nisisikike. Miaka yote nimedhani ni mimi niliyekuambukiza wewe."

Nikakaa chini hapo hapo kwenye ngazi. Hatujui nani alimpa nani, wala hatutajua. Ila fikiria chumba kile, Kabula. Watu kumi, kila mmoja anamwonea mwenzake huruma na kila mmoja anamficha mwenzake. Angetangulia mmoja kusema, wa pili angesema. Bahati yangu ni kwamba godoro langu lilikuwa moja na la mtani.

Sasa wewe. Unakwenda kusafisha vyumba vya hoteli, na umeniambia mtalala wanane. Mtashika madawa ya kusafishia yenye harufu kali, na wewe hata pilipili ikikaangwa unatoka nje. Ugonjwa mwingine ukizuka, na redio haiishi kutaja mpya, utafika kwenye vyumba vya namna hiyo kabla haujafika kwenye vile mnavyovisafisha. Siwezi kukuahidi kwamba ukisema ukweli hawatakurudisha. Mimi nilirudishwa. Wakikurudisha nitakuja kukupokea uwanjani na shati langu la harusi, na sitakuuliza kitu mpaka umekula.

Sitaki niandike kama mtu anayekuzuia. Nina furaha na safari yako, na ninakushukuru. Ninakushukuru kwa miaka miwili uliyoamka kabla yetu kuchota maji bila kutumwa, kwa kunisomea maandishi madogo ya dawa zangu za presha, kwa kucheka vichekesho vyangu ambavyo mama yako alishaacha kuvicheka. Nyumba hii itakuwa kubwa kwetu. Jogoo wa Saidi amepata mtoto mwenye akili kuliko yeye, na hilo nalisema kwa kila anayepita hapa.

Inhela nimeitoa kwenye soksi. Iko mfuko wa mbele wa mkoba wako, pamoja na kadi yako ya kliniki, na barua hii nimeizungushia ndiyo maana umeikuta imejikunja. Sikuomba ruhusa, nisamehe. Ukifika, siku ya kwanza, kabla hamjagawana vitanda, chagua mtu mmoja chumbani umwonyeshe ilipo na umfundishe inavyovutwa. Mmoja tu anatosha kuanzia. Ukipata mwenye mdomo mchafu na moyo mzuri, mchukue huyo.

Na najua kutakuwa na siku ambayo utapiga simu, wenzako wamekuzunguka au msimamizi amesimama karibu, mama yako anakuuliza habari, na itakubidi useme nzuri. Siku hiyo niombe mimi kwenye simu. Niambie tu, "Baba, nimekunywa dawa ya kuku." Watacheka watakaosikia, waache wacheke. Mimi nitakuwa nimeshasimama.

Baba yako,
Jogoo